Kafyu ya Lamu na mvuvi wa usiku

Tende ya kwanza haikuwa na tabu. Tabu ilikuwa ya pili. Julai 2014 adhana ya magharibi ya Amu, yaani mji wa Lamu, ilikuwa ikitolewa dakika chache kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na saa kumi na mbili na nusu ndipo kafyu ilipoanza. Tulikuwa tunaingia kumi la mwisho la Ramadhani. Ukila tende moja, ukapiga funda la maji na kutoka mbio kuwahi sala ya jamaa, rakaa ya kwanza unaisali ukiwa raia mwema, ya tatu unaisali ukiwa mvunja sheria. Tarawehe zikahamia majumbani. Usita wa Mui, njia kuu ya mji, ambao usiku wa Ramadhani huwa na watu kuliko mchana, ukaachiwa paka na punda.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikaa mwilini, lakini kisa ninachotaka kukifungua hapa si cha msikitini. Ni cha chombo kimoja, mashua ya jarife, wavu wa kuvulia usiku, yenye watu sita, na nahodha wake ambaye ni mjomba wangu. Swala unaweza kuihamishia nyumbani. Jarife huwezi kulitandaza ukumbini.

Amri ilikotoka

Usiku wa Jumapili, 15 Juni 2014, watu wa Mpeketoni, mji wa bara ya Lamu, walikuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Watu wenye silaha waliingia kwa magari, wakachoma hoteli na nyumba, wakawatoa wanaume na kuwaua, wakichagua wasio Waislamu. Kazi hiyo iliwachukua saa nyingi. Usiku wa pili wakaendelea kwenye vijiji vya jirani. Kwa siku mbili hizo walikufa watu zaidi ya 60. Tarehe 5 Julai ikawa zamu ya kijiji cha Hindi, na Gamba upande wa Tana River. Baadaye basi likashambuliwa karibu na Witu. Al-Shabaab walisema ni wao. Rais akasema ni mitandao ya siasa za hapa hapa. Sisi tuliokuwa katikati tukawa hatujui tumwogope nani kwanza.

Ndipo mnamo 20 Julai ikaja kafyu: kaunti nzima ya Lamu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mwezi mmoja. Mwezi ukaisha, ikaongezwa. Ukaisha wa pili, ikaongezwa. Ilikuja kuondoka Desemba.

Kabla sijamlaumu mtu, niseme wazi kwamba serikali ambayo ingenyamaza baada ya Mpeketoni na Hindi isingekuwa serikali. Watu walizikwa wengi kwa wakati mmoja. Kulikuwa na familia zilizofunga virago na kuhama kabisa. Mtu wa Amu anayesema kwamba kafyu ilikuwa uonevu mtupu tangu siku ya kwanza, mimi simuungi mkono, hata akiwa wa damu yangu. Wiki ya kwanza mjomba mwenyewe aliipandisha mashua juu ya mchanga bila kuambiwa na askari.

Lakini tazama dawa iliyotolewa na ugonjwa uliokuwapo. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza yaliyotokea Mpeketoni na kuwalaumu polisi kwa kuchelewa kufika na kwa kutoelewana wao kwa wao nani anaamuru nani. Ugonjwa ulikuwa askari hawakutoka. Dawa ikawa raia wasitoke.

Kitu kinachoitwa kibali

Sheria iliyotumika ni Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Ni sheria ya Mwingereza, ya mwaka 1950, miaka miwili kabla ya hali ya hatari ya 1952. Kifungu cha 8 ndicho cha kafyu. Kama kinavyosomeka leo, kinampa waziri, kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa polisi, uwezo wa kuamuru kila mtu wa eneo fulani akae ndani ya nyumba anamoishi kwa saa zitakazotajwa, isipokuwa kama ana kibali cha maandishi.

Hilo neno la mwisho mjomba aliambiwa na kijana mmoja anayesoma sheria chuoni, aliyerudi Amu kwa ajili ya Idi. Mjomba hasomi Kiingereza, lakini alilishika kama mtu aliyeokota kamba ya nanga. Kama kuna kibali, basi kuna mlango. Ni kuutafuta tu.

Tukaenda, mimi nikiwa mkalimani. Afisi ya kwanza tuliingia saa tatu asubuhi, tukakaa kwenye benchi hadi adhuhuri. Ofisa alikuwa mstaarabu, si wa kupiga meza. Akauliza kibali cha nini. Nikamwambia cha kuvua. Akasema, kafyu ni ya usiku, mzee, vua mchana.

"Bwana afande," mjomba akasema, "jarife halivui mtana. Mtana samaki ana mato."

Yaani mchana samaki ana macho. Ikabidi nieleze. Jarife ni wavu wa matundu makubwa, unaofungwa maboya juu na mawe chini, ukasimama majini kama ukuta. Unautupa jua likikaribia kutua, chombo kinalala nao, alfajiri unauvuta. Nguru, songoro, papa, kolekole, wote hao wanaingia kwa sababu hawaoni. Mchana wanauzunguka. Na wale wanaovua tewa na changu kwa mshipi, wengi wao wanajua kwamba samaki anakula vizuri zaidi giza likishaingia. Halafu kuna maji. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, maji hujaa kama saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Siku za maji mafu hujaa saa nyingine kabisa. Mwenye chombo hatazami saa ya ukutani. Anatazama mwezi una siku ngapi.

Ofisa alisikiliza. Akasema yeye hana mamlaka, twende kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akatuelekeza kwa wa usalama wa majini. Huko tukaambiwa barua ianzie kwa Bwana Samaki, ofisa wa uvuvi. Bwana Samaki akaandika, maana mjomba alimjua na leseni ya chombo ilikuwa halali, tukairudisha barua afisi ya kwanza, tukamkuta ofisa mwingine. Tulikwenda mara nne. Sikumbuki kukataliwa hata mara moja. Hakuna aliyesema hapana. Na kwa miezi yote ile sikumwona mvuvi mmoja gatini mwenye karatasi hiyo mkononi.

Siku ya nne ofisa mmoja, nadhani alichoka kutuona, alitwambia ukweli. Akasema: "Mzee, usiku tukiona taa baharini hatujui kama ni wewe au ni wao."

Nilipokuwa nikitayarisha andiko hili nikaisoma tena sheria yenyewe, nikakuta kitu kilichonifanya niweke simu chini. Kifungu hicho hicho cha 8 kinaweka sharti kwa kila mwenye kibali: akitembea gizani, lazima awe na taa inayoonekana umbali wa futi 25. Sheria inasema beba taa ili ujulikane. Askari anasema taa yako ndiyo inayonitia shaka.

Hoja ya askari, na uzito wake

Yule ofisa hakuwa mjinga. Bahari ya kaskazini ya Lamu inakwenda hadi Kiunga na mpaka wa Somalia, na mwaka 2011 waliotekwa Kiwayu mwezi Septemba na Manda mwezi Oktoba walichukuliwa kwa boti. Kwa mtu aliyepewa boti moja ya doria na visiwa vyote hivi na mikoko hii, bahari tupu ni rahisi kuilinda kuliko bahari yenye vyombo hamsini. Akiona kitu kinaelea usiku, anajua ni adui. Ndiyo mantiki ya kafyu popote duniani: inasafisha ubao ili kila alama mpya ionekane.

Ila tumpime kwa mizani aliyopewa na Katiba, si kwa mizani yangu. Ibara ya 39 inampa kila mtu haki ya kwenda atakako. Ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo kubanwa, lakini inataka kuulizwe maswali, mojawapo likiwa hili: je, hakuna njia isiyobana hivyo ambayo ingefikia lengo lile lile? Na ibara hiyo hiyo inasema anayetaka kubana haki ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha mbele ya mahakama kwamba ana sababu.

Njia zilikuwapo, na hazikuhitaji profesa. Vyombo vya Amu vina namba na leseni. Manahodha wanajulikana kwa majina na kwa majina ya baba zao. Mjomba alikuwa tayari kusaini daftari gatini akitoka na akirudi. Alikuwa tayari kuvua kusini tu, kuanzia Kipungani kushuka upande wa Kipini, asivuke mlango wa Manda kwenda kaskazini. Alipendekeza hata vyombo vitoke vitatu vitatu, kila kimoja kikimchunga mwenzake. Haya aliyasema kwa Kiamu, nikayatafsiri, na ofisa akayaandika kwenye karatasi isiyo na muhuri. Huenda ipo mpaka leo kwenye faili.

Mzigo wa kutoa sababu, ambao Katiba imeuweka juu ya mabega ya serikali, gatini ulihamia juu ya mabega ya mzee wa miaka sitini na mbili. Ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba si Al-Shabaab. Mahakamani huenda mambo yangegeuka, lakini mahakama ni ya mwenye nauli na muda, na mavuno ya jarife yana msimu wake.

Na msimu huo ndio uliomuumiza. Julai na Agosti ni wakati wa pepo kali za kusi. Vyombo vidogo hujificha ndani ya miamba na kipato ni cha kubangaiza hata bila kafyu. Bahari hulainika kusi ikianza kulegea, ikaingia maleleji, Oktoba na Novemba, kabla kaskazi haijakomaa. Hapo ndipo mwenye jarife hulipa madeni ya kusi. Amri iliyotolewa kwa mwezi mmoja wa kusi ingemgharimu kidogo. Nyongeza zake zikaimeza maleleji yote. Mabaharia wanne kati ya watano wakaondoka, wawili wakaenda kuchukua mawe, mmoja Mombasa, mmoja sijui. Mjomba alivua mchana kwa mshipi, akarudi na vichangu vya kukaanga. Jarife likakaa darini, panya wakalifanyia kazi yao.

Usiku ambao sheria haikuuona

Hiyo sheria ya 1950 haikukosa huruma kabisa. Imeweka mipaka. Amri inayofungia watu ndani zaidi ya saa kumi mfululizo za mchana haiwezi kuzidi siku tatu. Ikiwa ni saa chache zaidi za mchana, isizidi siku saba. Usiku je? Usiku haukuwekewa kikomo. Amri inadumu kwa muda wowote ulioandikwa ndani yake, na ikiisha inaandikwa nyingine.

Aliyeiandika bila shaka alikuwa mtu wa kulala usiku. Alijua kwamba ukimfungia mtu mchana unamuua njaa, kwa hiyo akahesabu siku. Usiku aliuona kama muda usio na thamani, wa kukoroma na wa wezi. Hakumfikiria mvuvi wa jarife, wala muuza kahawa, wala mkunga wa Matondoni, wala boti inayotoka Mtangawanda, kisiwani Pate, kuleta mgonjwa Amu, ambayo hupita mkondo wa Mkanda maji yakijaa, na yakitoka inabaki kwenye matope hata ukiwa na pasi ya rais. Kwa watu hao usiku ndio mchana.

Mimi si wakili, lakini jambo moja limenikera miaka yote hii. Novemba jua la Amu huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kafyu ilikuwa ikiisha saa kumi na mbili na nusu. Ile nusu saa na ushei ya jua, ni mchana au si mchana? Kama ni mchana, basi siku saba zilikwisha zamani. Nilimuuliza wakili mmoja tulipokaa barazani, akacheka, akasema jaji ataniambia sheria imesema saa, haikusema nusu saa. Huenda.

Nilipomuuliza la pili hakucheka. Nilimwambia: Katiba ya 2010, kwenye Ibara ya 58, imemfunga rais kwa kamba fupi sana katika mambo ya hali ya hatari. Tangazo lake linaishi siku 14. Kuliongeza ni lazima Bunge la Taifa lipige kura, thuluthi mbili mara ya kwanza na robo tatu kila mara inayofuata, na nyongeza moja isizidi miezi miwili. Mahakama ya Juu inaweza kulikagua. Waliyaandika hayo watu waliokumbuka yaliyopita. Sasa, kaunti nzima inafungiwa ndani kwa muda wa saa kumi na mbili kila usiku kwa karibu miezi mitano, na kwa kuwa imetumika sheria ya kawaida, kura ya Bunge haihitajiki hata moja. Hii ni nini?

Akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni hali ya hatari iliyovaa kanzu ya jirani."

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kisa hiki. Swali la uhuru na usalama watu hulizungumza kama mizani ya dukani, huku kilo ya uhuru, huku kilo ya amani, kama kwamba tatizo ni kiasi. Mjomba hakuwa na shida na kiasi. Alikubali kubanwa, alikuwa amejibana mwenyewe. Alichokosa ni mtu wa kumjibu. Amri ilitoka juu, nyongeza zikatoka juu, na kila aliyekuwa chini aliweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba si yeye. Kamba ya Ibara ya 58 imewekwa ili kila mara serikali itakapotaka kuendelea kuwafungia watu, irudi mbele ya wawakilishi wao na kutoa sababu mpya. Kifungu cha 8 hakidai hivyo. Kinachohitajika ni kalamu.

Mtu wa bara

Nina rafiki, mwalimu, mzaliwa wa Mpeketoni, ambaye wazazi wake waliletwa kwenye mradi wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Nilimsomea haya yote kwa simu. Akanikatiza: "Wewe unasema samaki. Mimi nilimzika shemeji yangu."

Nikanyamaza. Ana haki. Aliniambia kwamba wiki zile, ukisikia injini usiku, ulitaka kujua jambo moja tu: ni jeshi au ni wao? Kafyu ilimpa jibu. Kwa mara ya kwanza mama yake akalala. Kama ingepigwa kura ya siri Mpeketoni mwezi Julai, nadhani kafyu ingeshinda, na sidhani mimi mwenye baraza la Amu nina cha kumfundisha mjane wa Kibaoni.

Lakini akaniambia na jambo ambalo sikulijua. Wanaume wengi wa huko walikuwa hawalali nyumbani. Wauaji walikuwa wamekuja nyumba kwa nyumba, kwa hiyo nyumba ndiyo ilikuwa mahali pa kufia. Jioni mwanamume alikula, akachukua shuka, akaenda kulala kwenye mahindi au chini ya mkorosho mbali na njia. Huo ndio ulikuwa usalama wao, waliobuni wenyewe, usio na gharama. Amri ikasema kila mtu akae ndani ya nyumba anamoishi. Aliyelala shambani akawa mhalifu, na akikutwa na doria akawa mshukiwa. "Kwa hiyo tukawa tunawaogopa wawili," akasema. "Tukilala ndani tunamwogopa yule, tukilala nje tunamwogopa huyu."

Ona basi: mstari mmoja ulichorwa juu ya kaunti yenye watu wawili tofauti. Mmoja yuko kisiwani, ambako mwaka ule hakukuwa na shambulio, na alihitaji kutoka usiku ili ale. Mwingine yuko bara, ambako damu ilimwagika, na alihitaji kutoka usiku ili asiuawe. Amri ikawaambia wote wawili kitu kimoja.

Mwaka 2017 yalirudi. Julai 8 wanaume tisa waliuawa Jima, karibu na Pandanguo, wengi wakitolewa majumbani kwao, na siku hiyo hiyo kafyu ikatangazwa Lamu, Tana River na Garissa, miezi mitatu, saa zile zile za kumi na mbili na nusu. Kama iliyonakiliwa.

Ilipokuja ile ya korona, kuanzia 27 Machi 2020, hali ilikuwa nyingine, na tofauti yake inafundisha. Safari hii ilikuwa nchi nzima, na Nairobi nayo ilikuwa ndani. Ghafla kukawa na orodha ya wanaoruhusiwa kutoka. Chama cha mawakili kilikwenda Mahakama Kuu, na mwezi Aprili Jaji Weldon Korir akaamua kwamba amri yenyewe inasimama, ila nguvu waliyoitumia polisi dhidi ya raia ilivunja Katiba, na mawakili pamoja na IPOA waingizwe kwenye orodha. Mawakili wana mahakama jirani. Kafyu hiyo iliondolewa Oktoba 2021, siku ya Mashujaa, na rais akatangaza hivyo mbele ya umati uliopiga vigelegele. Yetu ya 2014 sikumbuki nani alipiga kigelegele.

Na Januari 2022, baada ya mauaji ya Widhu, amri iliyotoka ilikuwa ya siku 30 na ilitaja maeneo ya bara kwa majina yake. Haikufungia kaunti nzima. Kumbe inawezekana. Kalamu iliyoandika 2022 ingeweza kuandika vile vile 2014.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakushangazwa na lolote. Yeye ni wa vijiji vya Wabajuni vya bara, vile vilivyohamwa wakati wa vita vya Shifta, akaja kisiwani na mtungi na mtoto mgongoni. Kanuni za hali ya hatari za 1966 ziliiunganisha Lamu na mkoa wa Kaskazini Mashariki, zikadumu hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa na mashtaka kwa waliyoyatenda kule na kwetu katika miaka ya vita. Kwa hiyo mjomba alipokuwa akihangaika na kibali, bibi alimtazama kwa huruma kama anavyotazamwa mtoto anayejaribu kufunga mlango usio na komeo. "Mwanangu," akamwambia, "hawa wakisema mwezi, hesabu miaka."

Mashua ilivyoishia

Kafyu ilipoondoka, mjomba alilishusha jarife darini. Alikaa nalo uani siku nyingi, akishona, akikata palipoliwa, akishona tena. Aliazima fedha za maboya. Kaskazi ilikuwa imekwisha kuingia. Alitoka na mabaharia watatu badala ya watano, na upande wa kaskazini bado kulikuwa na makatazo ya kuvua usiku, ambayo yaliendelea kwa miaka.

Alikuwa na mwana wa miaka kumi na sita. Mwaka ule wa 2014 ndio ulikuwa mwaka wake wa kufundishwa usiku. Mchana alikuwa tayari anaujua: alama za mnara na minazi, wapi mwamba, wapi mchanga. Usiku ni elimu nyingine. Unafundishwa nyota za kilimia zikichomoza uko wapi, jaa, yaani kaskazini, iwe bega gani ukirudi, sauti ya mawimbi kwenye mwamba wa nje inavyobadilika maji yakianza kutoka. Haifundishiki kibarazani, na haifundishwi na mtu aliyekwishazeeka. Inataka misimu.

Kijana sasa anaendesha boti la fiba kati ya Mokowe na Amu. Kazi nzuri, ana mke na mtoto. Jua likizama anafunga boti gatini anarudi kwake. Juzi nilimuuliza kama anaweza kunipeleka Kipungani baada ya isha, kulikuwa na harusi. Akatazama maji, akatazama juu, akasema afadhali twende asubuhi.